Kikapu Kilichozunguka Kushoto

Siku ile tulikuwa watu saba chini ya banda la kazi za mikono, na nitawataja wote kabla sijasema jambo lingine. Alikuwepo Bwana Mhina, Afisa Utamaduni, mtu wa Tanga ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka kwetu Ngara. Alikuwepo Mzee Filipo, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa huku Bugarama. Alikuwepo Ntawiha, ambaye sote tulimwita Mama Bukuru, mshonaji wa vikapu na mwalimu wangu. Alikuwepo Bukuru, mwanawe, kijana mrefu aliyekuja kurekebisha paa la banda akabaki kusikiliza. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Gaudensi na Melania. Wa saba ni mimi, Leokadia, niliyekuwa na miaka kumi na tisa na kikapu mapajani.

Nawataja kwa sababu kila mmoja wao alisikia nilivyonyamaza.

Ninyi vijana mliokuja kwangu mwezi uliopita mliniomba niandike namna ya kupeleka kazi za mikono kwenye maonyesho makubwa. Mmoja wenu, yule wa miwani, alisema, "Bibi, wewe ndiye wa kwanza kutoka huku kwetu kuingiza kikapu kwenye ukumbi wa sanaa, tuelekeze." Nikawapikia chai, nikawaambia nitaandika. Nitawaelekeza kweli, maana kuna mambo ya kufunga mzigo na kupanga meza ambayo ni vizuri myajue. Lakini hilo la kuwa wa kwanza ndilo lililonifanya nikae na karatasi hii siku nyingi bila kuandika.

Nianze na swali la Bwana Mhina. Alikuwa ametueleza kwamba Dar es Salaam kutakuwa na maonyesho ya sanaa ya nchi nzima, na safari hii vikapu, vyungu na mikeka vitaingia ukumbi uleule wa picha na vinyago, si kwenye kibanda cha nje kama zamani. Atakayechaguliwa atakwenda na kazi yake, ashone mbele ya watu. Akirudi, yeye Mhina atampendekeza awe mwalimu katika kituo cha kazi za mikono kilichokuwa kinajengwa Nyamiaga. Alitazama vikapu vyote vilivyopangwa kwenye mkeka, akafika kwa hiki nilichokipakata. Nilikuwa nakata ncha za nyuzi kwa wembe, kazi ya mwanafunzi. Kikapu chenyewe kilikuwa cha Mama Bukuru, kuanzia chini hadi kilele cha mfuniko.

Kilikuwa kikapu ambacho hata sisi hatukuwa tumekizoea. Mama yangu na mama zake walishona pembetatu na mistari ya kupinda. Mama Bukuru alikuwa ameshona nyumba. Nyumba za kijiji chetu kipya, zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara kama tulivyopangwa sisi, nyeusi kwenye nyasi nyeupe, kisha juu kabisa, peke yake, nyumba moja nyekundu. Ilikuwa ile aliyoiacha kilimani tulipohamishwa.

"Hiki ni chako, binti?" akauliza Bwana Mhina.

Kwetu mshonaji hajitaji. Ukiulizwa kikapu ni cha nani na wewe ndiye uliyekishona, unaangalia chini na kunyamaza, na mtu mwingine anakutaja. Mtu huyo asiwe wa nyumbani kwako: mtoto hamtaji mama yake, dada hamtaji dada. Mara nyingi ni mwanafunzi anayemtaja mwalimu. Siku ile kazi hiyo ilikuwa yangu. Mama Bukuru alilielewa swali, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Akaangalia chini kama inavyotakiwa, akasubiri.

Na mimi nikaangalia chini.

Bukuru alifungua mdomo, kisha akaufunga na kutazama miguu yake. Mzee Filipo alijua vizuri kikapu ni cha nani, lakini yeye alitaka kijiji kiwakilishwe na mtu anayejua Kiswahili. Akakohoa, akaanza habari za bomba la maji. Bwana Mhina, ambaye desturi yetu alikuwa ameisikia nusu, akacheka kwa furaha.

"Nimeambiwa Wahangaza hamjisifu. Ukinyamaza, basi ni chako!"

Akatoa kalamu, akaandika jina langu.

Mtaniuliza kwa nini, na wadogo zangu nao waliuliza. Wazazi wetu walifariki kwa kufuatana, baba kwanza, mama baada ya mavuno mawili. Mimi nilikuwa darasa la nne. Niliacha shule Ijumaa moja, Jumatatu nikawa shambani. Hadi siku ile ya Bwana Mhina nilikuwa nimewalea wale wawili miaka minane, lakini ndugu walikuwa wamechoka kutusubiri tufanikiwe. Baba mdogo wa Biharamulo alimtaka Gaudensi akachunge ng'ombe wake. Shangazi alimtaka Melania amsaidie kulea. Kikao cha ukoo kilikuwa kimenipa muda hadi mavuno: nikionyesha njia ya kuwatunza, nibaki nao, nisipoonyesha, wagawanywe. Kwa hiyo Bwana Mhina aliposema neno "mwalimu" mimi sikusikia habari za vikapu tena. Nilisikia kwamba Gaudensi atamaliza darasa la saba.

Jioni tulipokuwa tunakula, Gaudensi aliweka tonge chini.

"Dada, kile si cha Mama Bukuru?"

"Kula."

"Lakini si chake?"

"Nimesema kula."

Melania, aliyekuwa mdogo zaidi, alinitazama tu hadi nikamgeuzia mgongo nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Sasa niwaambie jinsi Mama Bukuru alivyonifundisha, ili mjue nilimnyamazia mtu wa namna gani. Vikapu vyetu vya mfuniko mrefu, ambavyo kwa lugha yetu tunaviita igiseke, havisukwi. Vinashonwa. Unachukua nyasi nyembamba za mlimani, unazifanya kitita cha unene wa kidole kidogo, unakizungusha huku ukikifunga kwa sindano na uzi, duara juu ya duara. Kila kitu kinategemea mwanzo, pale chini katikati, panapoitwa kitovu. Kitovu kikiwa kibaya, hata ushone maua ya peponi huko juu, kikapu ni kibaya. Namna ya kukijaribu ni moja. Unamwaga ulezi ndani, unakishika mikono miwili, unakitikisa mara saba juu ya ungo mweupe. Punje moja ikidondoka, fumua.

Mimi nilifumua mwaka mzima. Mama Bukuru alikuwa na kiko mdomoni na ulimi mkali kuliko tumbaku yake. Alikichukua kikapu changu cha kwanza, akakiinua juu, akanichungulia kupitia kitovu.

"Nakuona," akasema. "Una kamasi."

Cha pili akakitia yai la kuku, yai likapita. Akaliokota likiwa limepasuka, akamwambia kuku aliyekuwa anapita, "Usije ukataga humu, mama, utapoteza ukoo."

Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kushika sindano. Nilichana nyuzi tu. Uzi wa mkonge unauloweka kwenye maji, haulowekwi kwa mate, maana uzi wenye mate huitwa chakula na mende. Rangi nyeusi tulichemsha ua la mgomba hadi sufuria lenyewe likawa jeusi. Nyekundu tulichemsha mizizi. Nyeupe ni uvumilivu wa kuanika kivulini, si juani.

Na alikuwa wa mkono wa kushoto. Hilo mlikumbuke. Washonaji wengine wote wa kijiji walizungusha kikapu kwenda kulia, cha kwake kilikwenda kushoto. Alisema bibi yake alimpiga mkono ule hadi akachoka, mkono haukuchoka. Kwangu mimi iliniwia rahisi kujifunza, kwa sababu sikukaa ubavuni pake kama wanafunzi wengine wanavyokaa. Nilikaa mbele yake, uso kwa uso, magoti yetu yakikaribia kugusana. Mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia ilikuwa upande mmoja, ikipanda na kushuka pamoja, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nilimkosa mama yangu sana miaka ile, na saa zile za kukaa mbele ya Mama Bukuru ndizo pekee ambazo sikumkosa.

Safari ya Dar ilikuwa ya lori hadi Biharamulo, lori jingine hadi kwenye kivuko, kisha Mwanza na treni. Hapa ndipo andikeni. Kikapu cha maonyesho usikijaze magazeti. Wino wa gazeti unahama, nami nilikutana na mkeka wa mwanamke mmoja wa Singida uliofika Dar umeandikwa matokeo ya mpira. Jaza majani makavu ya mgomba. Mfuniko ufunge kwa kamba ya mgomba, usifunge kwa waya. Usipake mafuta ili king'ae, maana vumbi la njiani litashikamana nayo na utafika na kitu kama paka aliyenyeshewa. Ukivuka ziwa kikapu kinanyonya unyevu, basi ukifika kianike kivulini siku nzima kabla hakijaonwa na mtu. Na kabla hujakubali meza yako, uliza jua linaingilia dirisha gani, kwa sababu jua la mchana linakula rangi nyekundu.

Ukumbini aliyetupigania alikuwa Bwana Mhina. Alinitangulia kwa siku mbili, na nilipofika nilimkuta amegombana na watu. Picha zote ukutani zilikuwa na kadi yenye jina la mchoraji. Vinyago vikubwa vya mpingo navyo vilikuwa na majina. Lakini kwenye kona yetu karibu na mlango, kadi ziliandikwa "Chungu, Kigoma" na "Mkeka, Singida", kama vile Kigoma ilikaa chini ikafinyanga.

"Hiki kimetengenezwa na mtu," Bwana Mhina alimwambia msimamizi. "Mtu ana jina. Mbona yule wa picha ya twiga ameandikwa?"

"Yule ni msanii, bwana."

"Na huyu?"

"Huyu ni fundi."

"Twiga wake ana miguu mitano, na huyu kikapu chake hakipitishi hata ulezi. Nani msanii hapo?"

Mguu wa tano ulikuwa mkia, nadhani, lakini alishinda. Kwenye kona nzima ya kazi za mikono, kikapu kimoja tu kilipata kadi yenye jina la mtu. Kadi ilisema: Leokadia, Ngara. Bwana Mhina alinisogeza mbele yake nikaione, uso wake unang'aa. Nilisema ahsante. Nilimwambia kadi imeandikwa vizuri.

Siku kumi na nne nilikaa kwenye mkeka chini ya kikapu kile, nikishona kingine ili watu waone jinsi inavyofanywa. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa katikati ya watu wale. Walinitazama mikono. Walisimama, wakainama, wakazungumza wao kwa wao juu ya vidole vyangu, wakaondoka. Nyumbani mtu hawezi kupita unaposhona bila salamu, hata kama ana haraka ya kuzaa. Pale, siku nzima ilipita bila mtu kuniambia hujambo. Mwanamke mmoja aliuliza kama mfuniko ni kivuli cha taa. Kijana mmoja aliuinua, akauvaa kichwani, wenzake wakampigia makofi. Nilisimama, nikauvua kichwani mwake kama ninavyomvua mtoto kofia kanisani, nikaurudisha. Hilo ndilo tendo langu pekee la ushujaa Dar es Salaam.

Aliyekuja kunisalimia ni mfagiaji. Alikuwa mzee anayeitwa Balitazari, na alifika asubuhi kabla milango haijafunguliwa, mimi nikiwa naloweka nyuzi zangu. Alinisikia nikijisemea kwa lugha ya nyumbani, akasimamisha ufagio.

"Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Ngara, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Msubi wa Nemba. Nilikuja pwani kukata mkonge nikiwa na nywele nyeusi."

Hakuwa amezungumza Kisubi, alisema, tangu mwenzake wa mwisho afariki. Lugha zetu zinaelewana, basi tukazungumza, yeye akitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Kisha akavuka ile kamba ya "Usiguse" bila hata kuitazama, akakichukua kikapu, akakipindua, akaweka kidole kwenye kitovu.

"Huyu ni wa mkono wa kushoto," akasema.

Nilikuwa na sindano mkononi. Mkono wa kulia. Aliutazama.

"Mwenyewe amekufa?"

"Hapana, mzee. Yupo nyumbani."

"Basi kadi inasemaje hapa? Mimi sijui kusoma."

Sikumsomea. Nilisema, "Mwenyewe hajui Kiswahili. Asingeweza kuja."

Mzee Balitazari alikiweka kikapu mahali pake polepole.

"Mimi nilipokuja hapa sikujua Kiswahili," akasema. "Lakini nilikuwa na jina."

Hakuninyima salamu baada ya hapo. Kila asubuhi alinisalimia, akaniuliza kama nimelala vizuri. Lakini kila asubuhi nilikikuta kikapu kimepinduliwa, mfuniko pembeni, kitovu juu. Msimamizi akija anakigeuza, akilaumu panya. Kesho yake kitovu juu tena. Kwa siku zote zilizobaki.

Siku ya kufunga nilimfuata Bwana Mhina nikiwa nimeshapanga maneno. Kabla sijafungua mdomo akanipa barua. Nafasi ya ualimu Nyamiaga ni yangu. Na kikapu hakirudi, kimechukuliwa kuwa mali ya taifa, kitahifadhiwa. "Jina lako litakaa pale hata tukifa sote," akasema. Nikaikunja barua ile mara nne, nikaitia ndani ya nguo. Yale maneno niliyoyapanga nikarudi nayo.

Vita vya Kagera vilianza kabla sijafika nyumbani. Treni zilijaa askari, malori yote mazuri yalikuwa yamekwenda kaskazini, na mimi nikakwama Biharamulo wiki tatu kwa baba mdogo, yuleyule. Nilimwonyesha barua. Aliisoma, akaisoma tena, akasema, "Basi wewe sasa ni mtumishi," na habari za Gaudensi kuchunga ng'ombe hazikutajwa tena katika ukoo wetu. Kwa hiyo vijana, nisiwadanganye: nilichokitafuta nilikipata. Gaudensi alisoma. Melania alisoma. Tulikula sahani moja hadi walipokua.

Nilipofika Bugarama, Bukuru alikuwa ameshaondoka na mgambo. Mama Bukuru nilimkuta mlangoni, kiko kimezimika mdomoni.

"Umerudi."

"Nimerudi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Walikitikisa?"

"Nani, mama?"

"Watu wa Dar. Walitia ulezi wakakitikisa?"

"Hapana. Hawakutia kitu."

Akatoa kiko mdomoni. "Sasa walijuaje kama ni kizuri?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali lile, na nimehudhuria maonyesho mengi. Siku ile nilitaka kusema lile jingine, la jina langu kwenye kadi, lakini alikuwa anatazama njia aliyoondokea mwanawe, nikasema nitamwambia vita vikiisha. Vita viliisha. Bukuru hakurudi. Nikasema si wakati wake.

Nilifundisha Nyamiaga miaka miwili kabla ya siku Mama Bukuru aliyonifuata kule. Cheti nilichotumiwa kutoka Dar kilikuwa ukutani juu ya meza yangu, kwa sababu mkuu wa kituo alikitundika mwenyewe kwa misumari minne. Mama Bukuru alikuja kwa miguu na karatasi za ofisi kuhusu Bukuru, nimsomee kabla hajatia dole gumba. Nikamsomea zote. Kisha akanyoosha kiko kuelekea ukutani.

"Na ile?"

Ningeweza kumsomea kitu chochote. Nilisoma yaliyoandikwa: Leokadia, kwa kikapu chake alichokitengeneza kwa mikono yake.

Wanafunzi nje walikuwa wanachana nyuzi, tunawasikia wanacheka.

"Siku ile Bukuru alitaka kusema," akasema. "Nilimkanyaga mguu."

"Kwa nini, mama?"

"Mtoto hamtaji mama yake. Na nilijua wewe utasema. Nilikuwa na hakika kabisa, ndiyo maana nilimkanyaga kwa nguvu. Jioni alinionyesha kidole, kucha imevilia damu." Akazikunja karatasi za mwanawe, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Nilimkanyaga bure."

Nilipiga magoti. Nilimwambia nitaandika Dar wabadilishe kadi, nitakwenda mwenyewe, nitamwambia mkuu wa kituo sasa hivi.

"Karatasi ni zenu," akasema. "Sikuja kudai karatasi. Kikapu changu umekipeleka mahali na hukukirudisha. Nishonee kingine. Kizunguke kushoto, kitovu kama changu. Nitakitikisa mwenyewe. Ulezi usipopita, utanitaja mbele ya watu, tutakuwa tumemalizana."

"Mkono wangu wa kushoto haujui, mama."

"Na wangu wa kulia haukujua. Nilipigwa bure."

Barua za Dar niliandika mbili. Hazikujibiwa. Vikapu nilimshonea vinne kabla hajafariki. Cha kwanza alikitikisa, ulezi ukamwagika kama mvua. Akaniambia nimpe kuku. Cha pili na cha tatu, bado. Cha nne alikitikisa akiwa kitandani, ungo umewekwa kifuani pake, Melania akimshikia. Zilidondoka punje tisa. Alizihesabu kwa kidole.

"Bado," akasema. "Lakini yai sasa lisingepita."

Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kazi.

Nimestaafu. Nimefundisha wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka majina, na kila mmoja nilimwanzisha kwenda kulia, kwa sababu nilikuwa sijapata ruhusa ya kuanzisha mtu kushoto. Sikuolewa, wadogo zangu walipokuwa wakubwa na mimi nilikuwa nimeshazoea. Mzee Filipo alifariki. Bwana Mhina alihamishwa, na sijui kama yu hai. Kati ya wale saba nawajua watatu tu waliobaki: mimi, Melania aliyeolewa Biharamulo, na Gaudensi wa Mwanza. Gaudensi hunipigia simu Jumapili.

"Dada, achana na mambo hayo. Sisi tulisoma kwa sababu ya kikapu kile."

"Najua," namwambia.

"Basi kuna ubaya gani?"

Nasema salio limeisha, nakata simu, wakati yeye ndiye aliyepiga.

Mchana nafunga mlango nashona. Hakuna wa kukaa mbele yangu, kwa hiyo nimeegemeza kioo kwenye kigoda, kioo kikubwa cha kabati ambalo mlango wake ulivunjika, nami nakaa uso kwa uso nacho. Nikishona kwa mkono wa kulia, kule ndani ya kioo kikapu kinakwenda kushoto, na ninaona jinsi kidole cha Mama Bukuru kilivyokuwa kinabonyeza nyasi kabla ya sindano kuingia. Halafu nahamisha sindano mkono wa kushoto na kujaribu kufanya alichofanya. Vidole vyangu vimepinda sasa. Vinaelewa polepole.

Fomu mliyoniachia ya maonyesho mapya nimeijaza. Mlinieleza kwamba siku hizi kazi za mikono zina ukumbi wao mzima na taa zake, na kila kazi ina kadi. Vizuri. Kwenye mstari wa "Jina la msanii" nimeandika: Ntawiha, mama yake Bukuru, Bugarama, Ngara. Mstari wa "Mshonaji anayemtaja" haukuwepo, nikauchora kwa rula, nikaandika langu. Melania amesema atakuja siku ya kutaja. Gaudensi atakuja, hata kama hataki.

Fomu msiichukue kwanza. Mlisema mwisho wa kupokea kazi ni baada ya mvua hizi, nami nimewaambia msimnyime mtu mwingine nafasi kwa kunisubiri mimi. Jana nilimaliza kitovu cha ishirini na sita, nikakipandisha mizunguko kumi, nikamwaga ulezi, nikakitikisa mara saba juu ya ungo.

Zilidondoka punje mbili. Nimekifumua asubuhi hii, nyuzi ziko kwenye maji.